Kitambala si foulard: somo la jina la kitambaa kimoja

Somo hili linaanza na kosa langu mwenyewe. Nililifanya Pweto, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, mbele ya meza ya karani mmoja. Kambo yangu alikuwa amekuja kudai lupango wake. Wasomaji wa pwani wasishangae: katika Kiswahili chetu cha Katanga, kambo ni bibi au babu, wala hahusiani na "baba wa kambo" wa huko kwenu, na lupango ni kiwanja pamoja na ua wake.

Kambo alieleza kwamba karatasi ya lupango ilivuka vita ikiwa imefungwa, kwa maneno yake, "mu kitambala ya Bajapani". Karani alikuwa anaandika kwa Kifaransa. Kalamu ikasimama. Akanigeukia: "Wewe njo unasoma. Kitambala ni nini kwa Kifaransa?" Nikajibu bila kufikiri: "Foulard." Akilini nilikuwa namwona mama yangu anavyojifunga kichwa siku ya Jumapili. Karani akaandika kwamba karatasi ilihifadhiwa ndani ya foulard ya Kijapani, akagonga muhuri, tukaondoka tukiwa na furaha.

Miaka ilipita. Kesi iliposikilizwa upya nilikuwa tayari mwanafunzi wa lugha Lubumbashi, nimeshuka Pweto kwa likizo. Mtu aliyekuwa amejenga kwenye lupango ule naye hakuwa mwizi. Alikuwa ameuziwa na mtu mwingine wakati sisi tuko Zambia, na watoto wake walizaliwa pale. Kambo aliombwa aonyeshe ushahidi. Akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa kitambaa cha mraba ambacho kikikunjwa kinaenea kiganjani. Upande wa pili ukaomba hati ya zamani isomwe. "Hapa pameandikwa foulard," wakasema. "Foulard inazunguka kichwa. Hiki ni mouchoir, cha kupangusia jasho. Mama huyu ana hadithi mbili."

Kambo hakuwa na hadithi mbili. Alikuwa na neno moja, na mimi ndiye niliyelikata vibaya. Tangu siku ile nimekuwa nikilisoma neno hilo pamoja na ndugu zake, na hapa chini naweka niliyoyapata ili yawafae wenzangu wanaojiandaa kuwa wafasiri, waalimu na makarani.

Kitu chenyewe

Kabla ya kutafsiri jina, tutazame kitu. Kitambaa cha Kambo ni cha pamba, kina milia myembamba ya buluu iliyoiva na nyeupe, na pindo zake zimeshonwa kwa mkono. Ukikigeuza, upande wa nyuma una rangi ileile ya upande wa mbele. Hiyo ni alama muhimu. Kitambaa kilichochapwa huwa na mgongo uliopauka, kwa sababu rangi imewekwa juu ya nguo iliyokwisha kufumwa. Hiki rangi yake ilitangulia kwenye uzi: nyuzi zilitiwa nili kwanza, zikapangwa kwenye mtande kwa zamu, buluu na nyeupe, ndipo mshindio ukapita. Mlia wake umo ndani ya nguo yenyewe.

Japani ina mapokeo marefu ya pamba ya namna hii. Matsusaka inajulikana kwa pamba ya milia iliyotiwa nili. Kurume, katika kisiwa cha Kyushu, inajulikana kwa kasuri, ambapo uzi hufungwafungwa kabla ya kutiwa rangi ili mapambo yajitokeze wakati wa kufuma. Leo nguo hizo hukatwa pia kuwa vitambaa vidogo vya mfukoni. Cha Kambo ni wa jamii ya milia.

Kilifikaje Pweto? Njia yake si ya ajabu kwa mtu wa Katanga. Kampuni ya Kijapani Nippon Mining iliingia kwenye shaba yetu mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia shirika la Sodimico, lililokuja kuitwa Sodimiza wakati wa Zaire. Mgodi wa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, ulianza kutoa shaba mwaka 1972. Kambo mwanaume alifanya kazi huko. Wajapani walipoondoka katika miaka ya 1980, fundi mmoja aliyefanya naye kazi alimwachia kitambaa kile mkononi. Kambo mwanaume hakukifuta jasho hata siku moja wala hakukifua. Alikileta Pweto kama mtu anavyoleta picha.

Sauti L iliyobaki

Sasa tuingie katika neno. Mwanafunzi wa pwani husema kitambaa. Sisi husema kitambala. Nilipokuwa shuleni nilisahihishwa mara nyingi, kana kwamba ile L ni uchafu tulioongeza. Ukweli ni kinyume. Kiswahili cha pwani kiliiacha L katikati ya irabu katika maneno mengi, na sisi tuliibakiza, kwa sababu lugha zinazotuzunguka zinaitamka bado. Linganisheni: pwani wanasema njaa, sisi njala, wanasema mvua, sisi mvula. Wabemba, majirani wa Pweto, husema icitambala. Kwa hiyo kitambala ni umbo lililohifadhi kitu ambacho kitambaa kimekipoteza.

Lakini kuhifadhi sauti si kuhifadhi maana. Katika Kiswahili sanifu, kitambaa ni nguo kwa jumla, au kipande chake: kuna kitambaa cha meza, kitambaa cha kichwa, kitambaa cha mkono. Neno lenyewe halisemi kiungo cha mwili. Kiungo huongezwa baadaye. Kwetu kitambala kimesogea karibu na kichwa, kwa kuwa ndiko tunakokiona kila siku, ila bado kinaweza kushuka mkononi au mezani bila mtu kushangaa. Kambo aliposema kitambala alikuwa sahihi kabisa. Mimi nililichukua tumizi moja la neno, lile lililozoeleka zaidi, nikalifanya kuwa maana yote.

Majina yanayohama mwilini

Je, Kifaransa ni thabiti zaidi? Tusidanganyike. Mouchoir limetokana na kitenzi cha kupenga kamasi. Maana yake ya asili ni kifaa cha pua. Hata hivyo katika Kifaransa chetu cha Kongo husikika mouchoir de tête, yaani kitambaa cha kichwani. Tukilichukua neno kwa neno, tunapata "kipengea kamasi cha kichwa", na hakuna anayecheka, kwa sababu neno limekwisha kuhama kutoka puani hadi utosini.

Kiingereza kilisafiri njia hiyohiyo kinyumenyume. Neno "kerchief" lilitoka katika Kifaransa cha kale, likimaanisha kitu cha kufunika kichwa. Kilipoanza kushikwa mkononi, Waingereza waliongeza tu "hand" mbele, wakapata "handkerchief": kifuniko cha kichwa cha mkononi. Wajapani nao walilichukua neno hilo la Kiingereza, wakalifinyanga kwa sauti zao, likawa hankachi.

Kabla ya hankachi, Wajapani walikuwa na wanayo hadi leo tenugui. Te ni mkono; nugui ni kufuta. Ni kipande cha pamba chenye urefu wa sentimita 90 hivi na upana wa kama 35, ambacho ncha zake huachwa bila kushonwa ili kikauke upesi. Jina lasema mkono, lakini mfanyakazi hujifunga tenugui kichwani ili jasho lisimwingie machoni. Kwa hiyo hata huko Japani, kifuta-mkono hukaa kichwani. Kama karani wa Pweto angekuwa Mjapani, nami nikamtajia neno lake la mkono, ugomvi ungekuwa uleule.

Somo la leso

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni leso. Neno hili ni la Kireno, lenço, na Wareno ndio waliolileta pwani pamoja na bidhaa. Hapo mwanzo lilikuwa kitambaa kidogo cha mraba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani waligundua jambo la busara. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa bado vimeungana katika jora moja. Badala ya kukata kimoja kimoja, walikata vipande vya vitatu vitatu, wakashona viwili pamoja, wakapata nguo moja kubwa ya leso sita ya kujifunga mwilini. Ziliitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo iliyochapwa moja kwa moja kwa kipimo kile. Ndiyo kanga tunayoijua, ambayo jina lake, kama isimuliwavyo, lilitokana na madoadoa ya ndege kanga.

Matokeo yake kwa mfasiri ni haya. Ukienda Mombasa ukaomba leso, utapewa kanga. Ukienda Dar es Salaam ukaomba leso, utapewa kitambaa cha kufutia jasho. Ni lugha moja, neno moja, pwani moja, na tofauti ya ukubwa ni zaidi ya mara kumi. Hakuna kati ya watu hawa aliyekosea. Neno lilianza na kitambaa kidogo. Mombasa lilikifuata kitambaa kilipokua, na Dar es Salaam likabaki na kile kidogo. Basi hebu fikirini mwanamke wa Mombasa anatoa ushahidi Dar es Salaam kwamba alimfunika mtoto kwa leso. Karani asiyeuliza ataandika kwamba mtoto alifunikwa na kitu kisichomfikia kitovu.

Njia za nguo ni njia za maneno

Wengine wataniuliza: haya ya Wareno na Wajapani yanatuhusu nini sisi wa Mweru? Yanatuhusu kwa sababu nguo ilifika huku kabla ya daftari. Misafara ya biashara ilileta merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ambayo jina lake latamka Marekani ilikotoka. Na Bunkeya, kwa Msiri, pembe na shaba zilibadilishwa kwa nguo. Pamoja na merikani ilikuja kaniki, pamba ya buluu iliyokolea hadi weusi. Wareno walikuwa na neno canequim kwa pamba ya aina hiyo kutoka India. Huku Japani, ambako Wareno walifika katika karne ya 16, neno hilohilo likawa kanakin, jina la pamba nyepesi. Wekeni kaniki na kanakin kando kwa kando: sauti zinakaribiana, kitu ni pamba, na bahari iliyozipitisha ni moja. Zinaelekea kuwa ndugu waliolelewa nyumba mbili.

Hata neno la Kijapani la milia, shima, linaeleza safari. Limefungamana na neno la kisiwa: nguo za milia zilizoingizwa na meli ziliitwa vitu vya visiwani, yaani vya ng'ambo. Kwa hiyo milia ya kitambaa cha Kambo, ambayo sisi tunaiita ya Kijapani, Wajapani wenyewe waliiita ya wageni.

Na Japani haikusubiri Musoshi ili ifike kwetu. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliweka bonde la Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, chini ya kanuni ya biashara huria. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, ambao Japani pia iliutia sahihi, uliendeleza usawa huo wa ushuru. Wabelgiji hawakuweza kuweka ushuru wa kuzipendelea nguo za kwao. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 pamba ya Kijapani, iliyokuwa ya bei nafuu, ilijaa katika maduka ya Kongo na ya Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani vilichapa hata kanga zenye maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya pwani. Mzee wa Pweto anaposema "nguo ya Bajapani", huenda anasema habari ya duka la utoto wake.

Kurudi kwenye meza ya karani

Turudi sasa kwenye kesi. Mwezi Desemba 2000 vita vilipoingia Pweto, maelfu walikimbilia Zambia. Mimi nilikuwa mtoto wa miezi, mgongoni mwa Kambo, nimefungwa kwa kikwembe. Karatasi ya lupango ilikuwa ndani ya kitambala, na kitambala kilikuwa kifuani mwake. Bwato liliingia maji. Walipofika ng'ambo kila kitu kilikuwa kimelowa, na Kambo hakufungua kitambala mpaka kilipokauka chenyewe, kwa kuogopa karatasi isichanike. Kisha tukaishi kambini, Kala, miaka mingi.

Siku ile ya kesi, upande wa pili uliposema kwamba Kambo ana hadithi mbili, niliomba ruhusa ya kusema. Nilikiri kwamba neno foulard lilitoka kinywani mwangu, si mwake. Nikaeleza, kwa ufupi kuliko hapa, kwamba kitambala hakitaji kichwa wala mkono. Wazee walinisikiliza kwa adabu, lakini maelezo ya mwanafunzi hayatoshi kumrudishia mtu ardhi. Ndipo shefu wa kartiye akamwuliza Kambo mwenyewe: "Mama, karatasi ilikaaje humu?"

Kambo hakujibu kwa maneno. Alikunjua karatasi juu ya meza. Nyuma yake kulikuwa na mistari hafifu ya buluu ambayo mimi siku zote nilidhani ni ya wino. Akaikunja tena kwa mikunjo yake ya zamani, akailaza juu ya kitambaa, akazungusha pembe nne kama mtu anayefunga mihogo. Mistari ya karatasi ikaangukia milia ya kitambaa, mmoja juu ya mwingine. Nili ya kitambaa kisichowahi kufuliwa ilikuwa imechuja usiku ule ziwani, ikajichapa juu ya hati. Akasema: "Batu banaweza kuita yote benye banataka. Yeye anajua kwenye alikuwa."

Hakuna aliyebisha tena kwamba karatasi ilikuwa mle. Lakini haki ya karatasi haikufuta watoto waliozaliwa pale. Wazee waligawa lupango: upande wa nyumba ukabaki kwa yule jirani, upande wa muembe akarudishiwa Kambo, na yule jirani akakubali kumsaidia kufyatua matofali. Kambo alipokea nusu. Mara nyingine najiuliza kama hati ya kwanza ingeandikwa sawa, shauri lingeisha mapema, kabla ya chumba cha tatu cha jirani kujengwa. Sina jibu jepesi, na sitaki kulitafuta kwa kujipunguzia lawama.

Hati iliandikwa upya. Safari hii karani hakuniomba tafsiri ya neno moja. Tuliacha kitambala kama kilivyo katika sentensi ya Kifaransa, kisha tukaeleza: kipande cha mraba cha pamba, cha milia ya buluu na nyeupe, kinachotoshea mfukoni. Mistari miwili ya ziada ilitosha.

Kanuni tunazoondoka nazo

Kwanza, usitafsiri jina la kitu hujakiona. Kama hukioni, uliza: kina ukubwa gani, kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani? Majibu hayo yanavuka lugha kuliko jina.

Pili, maana iliyozoeleka zaidi si maana pekee. Yule anayesema ndiye anayejua anasimama wapi ndani ya neno lake.

Tatu, neno la mtaani lenye L yake si kosa la kusahihishwa. Lina historia, na katika ushahidi liandikwe kama lilivyotamkwa, kisha lielezwe.

Zoezi

1. Waulize watu watatu wa rika tofauti nyumbani kwenu waoneshe, kwa mikono, ukubwa wa kitambala. Andika tofauti zao, na umri wao.
2. Tafuta maneno matano ya Kiswahili cha Lubumbashi yaliyobakiza L ambayo pwani imeipoteza. Linganisha kila moja na lugha ya kwenu.
3. Tafsiri kwa Kifaransa sentensi hii bila kutumia foulard wala mouchoir: "Karatashi ilikuwaka mu kitambala." Eleza uamuzi wako.

Kambo amenikataza kuleta kitambaa chenyewe Lubumbashi kwa ajili ya somo hili. Nilimwambia wenzangu wangependa kukiona. Akajibu kwamba wakitaka, barabara ya Kasenga na Kilwa ipo, nao waje Pweto. Watakaa chini ya muembe.